Kanisa Dogo la Roma

Mjini Roma, kwenye njia panda yenye chemchemi nne, liko kanisa liitwalo San Carlo alle Quattro Fontane. Wenyeji huliita San Carlino, yaani Karoli Mdogo, na jina hilo si la mzaha. Husemwa kwamba kanisa zima lingeenea ndani ya nguzo moja tu kati ya nne zinazobeba kuba la Kanisa la Mtakatifu Petro.

Waliolijenga walikuwa Watawa wa Utatu Mtakatifu, kutoka Hispania. Shirika lao lilikubaliwa na Papa mwaka 1198, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwakomboa mateka. Mwandishi Cervantes alikombolewa nao kule Algiers mwaka 1580. Kanuni yao ya mwanzo ilitenga theluthi ya mapato kwa kazi hiyo. Kwa watu wa namna hii, fedha ya marumaru ni fedha ya kumtoa mtu minyororoni.

Basi, mwaka 1634 walimwendea Francesco Borromini, mtoto wa mwashi, aliyewahi kuchonga mawe katika Kanisa la Mtakatifu Petro. Hakuwa bado amepewa jengo zima kulisimamia peke yake. Kiwanja kilikuwa finyu, pembe yake moja imekatwa na chemchemi, na mfuko ulikuwa mwepesi. Borromini hakudai ujira.

Alianza na makao ya watawa, kisha mwaka 1638 akaanza kanisa. Badala ya marumaru alitumia matofali na lipu nyeupe. Kuta hazikunyooka, zinaingia na kutoka kama mawimbi, hata chumba kidogo kikaonekana kipana. Juu aliweka kuba la umbo la yai, lenye nakshi za misalaba na pembe sita na pembe nane. Kadiri nakshi zinavyopanda ndivyo zinavyopungua ukubwa, na jicho hudhani kuba liko mbali zaidi. Madirisha yaliyo chini ya kuba yamefichwa, hivyo mwanga huingia bila kuonyesha mlango wake.

Watawa waliandika kwamba alisimama na mafundi mwenyewe, akimwelekeza mwashi mwiko wake na seremala msumeno wake. Waliandika pia kwamba wageni wa nchi nyingi walikuja kuomba ramani. Kanisa lilitabarukiwa mwaka 1646. Ukuta wa mbele ulianza kujengwa karibu miaka ishirini baadaye; Borromini alifariki mwaka 1667 kabla haujakamilika, na mpwa wake Bernardo akaumaliza.

Ndugu msikilizaji, kwa nini nimekupeleka mbali hivyo? Kwa sababu kila tunapoonyeshwa darasa lenye nyufa, au zahanati isiyopitisha hewa, jibu huwa moja: fedha hazikutosha. Huenda ni kweli. Lakini upungufu wa fedha ni jambo moja, na upungufu wa uangalifu ni jambo jingine. Dirisha likiwekwa upande wa upepo haligharimu zaidi ya lile lililowekwa upande wa jua. Msimamizi akifika kazini kila asubuhi, mchanga hauongezeki bei.

Wale watawa hawakuwaibia mateka ili wapate uzuri, wala hawakuutumia umaskini kuwa kisingizio cha ubovu. Walimtafuta fundi anayefikiri.