Wasambazaji wa Spea za Foklifti Wanapoungana

Kazi ya foklifti katika nyanda za kati za Tanzania imepanuka pamoja na maghala na viwanda. Kizota, mjini Dodoma, kuna maghala na vihenge vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Nala kuna kiwanda cha mbolea cha Itracom. Ihumwa kuna bandari kavu inayopokea mizigo ya reli, na Singida kuna viwanda vya kukamua mafuta ya alizeti. Pote huko mzigo ni mzito, unakuja kwa wingi, na mabega ya wapagazi peke yake hayatoshi. Mvua za kanda hii ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo mavuno nayo humiminika kwa pamoja katikati ya mwaka. Foklifti ikilala mwezi Julai, malori yanapanga foleni, vibarua wanakaa, na mwenye ghala anaanza kulipia kazi isiyofanyika.

Mara nyingi kinachoilaza mashine ni kitu kidogo: sili ya silinda, mpira wa haidroliki uliopasuka, filta ya hewa iliyoshiba vumbi, beringi ya mlingoti. Vingine havikatiki ghafla, bali vinakwisha polepole. Uma, yaani yale meno mawili yanayoingia chini ya paleti, husuguana na sakafu, hasa kwenye kisigino, pale yanapokunjika. Kanuni inayofuatwa na mafundi duniani ni kwamba kisigino kikipungua kwa asilimia 10 ya unene wake, uma umeshapoteza takribani asilimia 20 ya uwezo wake wa kubeba, na haufai tena. Cheni ya kunyanyulia ikirefuka kwa asilimia 3, nayo imekwisha. Vitu hivi hupimwa kwa kifaa, si kwa jicho. Fundi akishapima, linabaki swali la spea itatoka wapi.

Njia halali ni mbili. Ya kwanza ni wakala wa kampuni iliyotengeneza mashine, anayeuza spea ndani ya boksi lenye nembo ya kampuni hiyo. Ya pili ni soko la spea mbadala, zinazotengenezwa ili ziingie kwenye mashine ileile lakini huuzwa kwa jina jingine na kwa bei nafuu zaidi. Spea mbadala si feki. Feki hujivika nembo isiyo yake. Mbadala husimama kwa jina lake. Tena kampuni za foklifti hazitengenezi kila kitu zenyewe. Filta, beringi, sili na cheni hununuliwa kutoka viwanda vingine, na viwanda hivyohivyo vinaweza kuuza bidhaa zao pia kwa wasambazaji wa spea mbadala. Ndiyo maana soko hili ni kubwa, na ndiyo maana wafanyabiashara wakubwa wanalitamani.

Kuungana kulianzia kwa watengenezaji wa mashine. Yale na Hyster za Marekani ziliwekwa chini ya mmiliki mmoja mwaka 1989. Mwaka 2000 Toyota Industries ya Japani iliinunua BT ya Sweden. Linde na Still za Ujerumani zimo ndani ya kundi la KION tangu 2006. Foklifti za Nissan na TCM, ambazo nembo zake bado zinaonekana kwenye mashine za mtumba kutoka Japani, ziliunganishwa na kuwa UniCarriers, na mwaka 2017 UniCarriers ikaungana na upande wa Mitsubishi kuunda Mitsubishi Logisnext. Nembo zimebaki nyingi, ila wenye nembo wamepungua.

Kwenye spea mbadala, jina kubwa ni TVH ya Ubelgiji. Ilianzishwa mwaka 1969 na Paul Thermote na Paul Vanhalst, na makao yake yako Waregem. Ilikua kwa kununua wasambazaji wengine nchi baada ya nchi, ikiwamo SMH ya jimbo la Kansas, iliyoifungulia mlango wa Marekani. Mwaka 2021 kundi la D'Ieteren, pia la Ubelgiji, lilinunua asilimia 40 ya biashara hiyo ya spea. D'Ieteren ndilo linaloingiza magari ya Volkswagen nchini mwake, na lina hisa nyingi katika kampuni ya kubadilisha vioo vya magari, Belron. Ununuzi huo ulionyesha kwamba biashara iliyoanzishwa na familia mbili imekuwa rasilimali inayowindwa na mitaji mikubwa.

Watengenezaji wa mashine nao hawakukaa pembeni. Toyota, kupitia nembo ya Starlift, na Hyster-Yale, kupitia Unisource, zinauza spea za mashine za washindani wao. Wakala wa kampuni moja anaweza kuhudumia foklifti za mteja wake zote, hata zile zenye nembo nyingine. Mpaka uliokuwa ukitenganisha wakala wa kampuni na muuza spea mbadala umefifia.

Sababu ya kuungana inaeleweka ukiitazama bidhaa yenyewe. Namba za spea za foklifti zinahesabika kwa mamilioni, na nyingi huulizwa mara chache sana kwa mwaka. Anayeweza kuziweka zote ghalani, akazipanga katika katalogi moja na kuzituma siku ileile, ni yule mwenye mtaji mkubwa na wateja wengi. Msambazaji mdogo mwenye aina chache hubanwa pande zote mbili: viwanda havimpi punguzo, na wateja wanamkimbia kwa sababu hana kila kitu. Mwishoni huuza biashara yake kwa mkubwa.

Kwa muuza spea, muungano huu una faida za kweli. Anaagiza sili, filta na pampu kwa oda moja, kwa gharama moja ya usafiri. Katalogi humsaidia kujua kwamba spea ya nembo fulani inaingia pia kwenye nyingine. Hilo si jambo dogo, kwa sababu injini za foklifti huvuka nembo. Injini ya Isuzu aina ya C240, kwa mfano, imefungwa kwenye foklifti za TCM na pia kwenye za Kichina. Anayeijua injini anaweza kupata spea hata pale nembo ya mashine inapompoteza.

Hasara zake huonekana baadaye. Ya kwanza ni bei. Palipokuwa na wasambazaji watano wa kulinganisha, wakibaki wawili mwenye duka hana pa kukimbilia orodha ya bei ikipandishwa au kiwango cha chini cha oda kikiongezwa. Ya pili ni mkopo wa mali. Msambazaji mdogo aliyemjua mteja wake alimpa siku za kulipa kwa kuaminiana. Kampuni kubwa hutumia kanuni moja kwa wote, na duka changa hutakiwa kulipa kabla mzigo haujaondoka. Ya tatu ni kurukwa. Msambazaji mwenye duka la mtandaoni anaweza kumuuzia mwenye kiwanda moja kwa moja, na muuzaji wa kati akabaki na wateja wa haraka na wa fedha kidogo.

Ya nne ni hatari ya kutegemea mlango mmoja. Machi 2023 mifumo ya kompyuta ya TVH ilishambuliwa na wadukuzi, ikalazimika kuzimwa, na oda zikakwama kwa siku kadhaa. Wauzaji waliokuwa na msambazaji wa pili waliendelea na kazi. Waliomtegemea huyo mmoja walisubiri, na wateja wao wakasubiri pamoja nao.

Mawakala rasmi nao huguswa kwa namna yao. Mwishoni mwa 2012 Toyota Tsusho ya Japani ilichukua hisa nyingi za CFAO ya Ufaransa. CFAO ilikuwa mmiliki wa DT Dobie, jina la siku nyingi katika biashara ya magari Nairobi na Dar es Salaam. DT Dobie ikajikuta chini ya mwenye mali mpya, kwa uamuzi uliofanyika mbali na Afrika Mashariki. Kwenye biashara ya foklifti kanuni ni hiyohiyo: nembo zikiunganishwa juu, mikataba ya uwakala huku chini hupitiwa upya, na si kila wakala hubaki na mkataba wake.

Dodoma iko mwishoni mwa mnyororo huu. Spea isiyopatikana mjini hutafutwa Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, kilomita takribani 450 kwa barabara, na ikikosekana huko huagizwa Dubai, China au Ulaya. Kila mkono inaopitia huongeza chake, na juu yake kuna ushuru, usafiri na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mwenye duka hununua kwa dola au yuro na kuuza kwa shilingi, na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo shilingi ikiteleza kati ya siku ya oda na siku ya mauzo, hasara ni yake.

Kinachopunguza nguvu ya wasambazaji wachache wakubwa ni China. Kampuni za Heli na Hangcha huuza foklifti kwa bei ya kuvutia, na viwanda vya spea vinavyozizunguka huuza kwa yeyote mwenye oda. Muuzaji anapata mlango wa tatu. Lakini mlango huo unadai ujuzi zaidi, kwa sababu ubora hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, na uma au cheni dhaifu huhatarisha maisha ya mtu aliye karibu na mzigo.

Sheria inagusa sehemu tu ya jambo hili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, FCC, na kuzitaka kampuni kutoa taarifa kabla ya kuungana pale thamani inapovuka kizingiti, ambacho mwaka 2017 kiliwekwa kuwa shilingi bilioni 3.5. Muungano wa kampuni za Ulaya zisizo na mali wala mauzo makubwa nchini huenda usiguswe na sharti hilo. Hata hivyo sheria hiyohiyo inakataza makubaliano ya kuua ushindani na matumizi mabaya ya nguvu ya soko, na hapo ndipo mkataba unaomzuia muuzaji wa Tanzania kununua kwa mwingine unaweza kuhojiwa. Tume pia husimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayotumika dhidi ya feki. Kazi hiyo ina uzito zaidi pale spea za kampuni zinapopanda bei, kwa maana feki hustawi kwenye pengo kati ya bei na mfuko wa mnunuzi.

Yaliyo ndani ya uwezo wa muuzaji ni machache, lakini yanatosha kumweka kazini. La kwanza ni kusoma kibao cha mashine kabla ya kuagiza. Foklifti ya Toyota iliyoandikwa 8FD25 ni ya kizazi cha nane, inatumia dizeli, na hubeba tani 2.5; ukiongeza namba ya fremu na aina ya injini, spea haitakosewa. La pili ni kuwa na wasambazaji wasiopungua wawili wenye asili tofauti, hata kama mmoja ni ghali kidogo. La tatu ni kuweka dukani vitu vinavyoisha haraka, yaani sili, filta, mipira ya haidroliki na beringi, na kuviagiza mapema ili vifike kabla ya mavuno. La nne ni kuuza huduma pamoja na spea, kwa sababu katalogi ya mtandaoni haiwezi kufika Nala kupima kisigino cha uma.

Wauzaji wa kanda wanaweza pia kuagiza kwa pamoja. Oda ya maduka manne huvuka kiwango cha chini ambacho duka moja halikifikii, na maduka hayo hugawana gharama ya kontena. Wasambazaji walipata nguvu ya bei kwa kukusanya oda za wengi mahali pamoja, na muuzaji mdogo wa Dodoma au Singida ana sababu ileile ya kufanya hivyo.