Siku Mbili za Ugeni: Wasemao Kiswahili Maskati, Jana na Leo



Mada niliyopewa ni kuishi ugenini na kuzoea desturi za watu wengine. Aghalabu wasia katika mada hii huelekezwa kwa mgeni: ajifunze lugha, avae kwa heshima, ale kinacholiwa, avumilie. Wasia huo ni mwema. Hata hivyo, historia yetu sisi wasemao Kiswahili hapa Maskati inaonyesha kwamba mgeni huzoea kwa kadiri mwenyeji anavyompa nafasi ya kuzoea. Hiyo ndiyo hoja yangu leo.

Kwenda

Kwa karne nyingi kaskazi iliyasukuma majahazi ya Sur na Matrah, bandari za Oman, hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na kusi ikayarudisha. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja, njia ya biashara ikawa njia ya makazi. Alifariki mwaka 1856. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko India, aliamua dola ya Sayyid Said igawanywe, na Zanzibar iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Dola ikagawanyika, koo zisigawanyike. Watu wa Ibra na miji ya jirani waliendelea kuvuka bahari, wakaoa, wakafungua maduka hadi Tabora na Ujiji, na wajukuu wao wakalelewa kwa Kiswahili.

Lakini tuseme kweli. Wengi wa waliotangulia hawakufika pwani ile wakiwa wanyonge. Walikuwa na dola nyuma yao, na mikarafuu yao ilihudumiwa na watumwa; ni mwaka 1897 tu ambapo sheria ya Zanzibar iliacha kuutambua utumwa. Mwenye nguvu huchagua la kuiga na la kuacha. Asiye na nguvu hachagui kitu. Kwa hiyo kila tunapozungumzia kuzoea, swali la kwanza liwe: nani ana nguvu juu ya nani?

Kurudi

Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliwatawanya watu wetu. Wapo walioishia Dubai, Kuwait, Cairo au Uingereza, kwa kuwa Sultan Said bin Taimur wa Oman hakuwa mwepesi wa kufungua mlango. Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alishika madaraka, akawaita Waomani waliokuwa nje waje waijenge nchi. Nchi yenyewe ilikuwa na shule tatu za serikali, na barabara ya lami ya kilomita 10 hivi.

Tunasema walirudi, ingawa wengi wao hawakuwahi kuiona Oman. Kiarabu chao cha kusema kilikuwa na lafudhi ya pwani, na barua rasmi iliwashinda kuandika. Waliitwa Wazanzibari, hata waliozaliwa Mombasa, Tabora au Bujumbura. Lakini walikuwa wamesoma na walijua Kiingereza, na kampuni ya mafuta, benki, hospitali na ofisi za simu zilikuwa zikiwatafuta watu wa namna hiyo. Wanawake wao waliingia kazini mapema, wakawa walimu, wauguzi na makarani. Watoto walipelekwa shule za Kiarabu, na leo katika nyumba nyingi bibi husema Kiswahili na mjukuu hujibu kwa Kiarabu. Mji nao ulijifunza: mandazi yameingia hata katika nyumba ambazo hazina jamaa Afrika.

Kwa nini walifaulu? Kwa akili na bidii, naam. Lakini pia walikuwa na pasi mkononi, mshahara unaofika, ukoo wa kuwatambua, na uwezo wa kuacha kazi moja na kutafuta nyingine. Aliyeboronga Kiarabu mbele za watu aliweza kuchekwa. Hakurudishwa uwanja wa ndege.

Mgeni wa leo

Kiswahili cha Maskati leo si cha wazee peke yao. Ni cha binti wa Tanga, Singida au Mombasa aliyekuja kwa mkataba kufanya kazi za nyumbani. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa nyumbani Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu. Ndani yake mna habari za pasi kuchukuliwa, kazi ya mchana na usiku bila mapumziko, na mishahara isiyolipwa. Matajiri wema wapo, tena wengi. Tatizo ni kwamba kafala, yaani mfumo wa udhamini wa wafanyakazi wa kigeni, humfunga mtu kwa kafili (mdhamini) mmoja, na hapo kinga yake inabaki kuwa wema wa kafili huyo. Wema haudaiwi mahakamani.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kumhimiza mgeni afanye kazi, na tunazisahau zile siku mbili. Wazazi wetu walipata siku mbili hizo hapa Maskati, na zilidumu miaka: muda wa kujifunza, kukosea na kuulizia njia. Binti huyu hupewa jembe siku ya kwanza, kisha tunashangaa kwamba hajazoea.

Tunachodaiwa

Sisi ndio wenyeji tunaoweza kumsikia bila mkalimani, na hilo linatupa wajibu kabla ya wengine wote. Pasi yake ikae mkononi mwake. Mkataba asomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Awe na siku ya mapumziko, na simu ya kuzungumza na mama yake. Nyumba zetu zianze, halafu tusimame kudai kafala ibadilishwe kwa sheria. Na chuo chetu kifungue darasa la Kiarabu la jioni kwa wafanyakazi hawa, kwa sababu anayejua lugha ya mji anaweza kueleza shida yake kituo cha polisi na hospitalini.

Tunawasifu wazee wetu kwa ustahimilivu wao, na wanastahili. Sifa hizo zitakuwa na maana siku tutakapompa mgeni wa jikoni mwetu masharti yaleyale yaliyowawezesha wao kustahimili.