Hotuba ya Mgeni Rasmi: Heshima kwa Wazee na Tamaa ya Kibanja

Heshima kwa mzee hupimwa kibanjani. Kwa Wahaya wa Bukoba na Muleba, kibanja ni shamba la migomba na mibuni lizungukalo nyumba, na humo ndimo wanamozikwa wazee wa ukoo. Aliye hai hukitunza kwa niaba ya waliotangulia na watakaozaliwa. Adabu nayo hufundishwa hapohapo: mtoto hupiga magoti kumsalimu mkubwa, na mgeni hukaribishwa kwa akamwani, yaani buni zilizochemshwa na kukaushwa ili zitafunwe.

Adabu hiyo hugeuka unafiki pale mila inapokumbukwa siku ya mali tu. Mfano ulio wazi ni shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba. Bibi mmoja alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, aliiuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake jamaa aliyemwita shangazi alifungua shauri, akidai kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilibatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikampa bibi haki. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba. Mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yaleyale ya mwanamume, na mwanaukoo anayetaka ardhi irudi sharti amrudishie mnunuzi fedha zake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zilithibitisha usawa huo.

Hukumu hiyo inafundisha kwamba kulinda ardhi ya ukoo ni wajibu wenye gharama. Gharama ya kwanza hulipwa mapema, mwenye kibanja angali hai: kumchotea maji, kumkatia kuni, kumpalilia migomba, kumpeleka hospitali na kuketi naye jioni. Ukoo unaoijua njia ya mahakamani unaijua pia njia ya kwenda kwa mzee. Anayeitumia ile ya kwanza tu hatetei mila, bali anatafuta mali kwa jina la mila. Mzee aliyetunzwa hana sababu ya kuuza kibanja ili apate chakula.