Anwani ya Mtu ni Amana

Hotuba ya Kamati ya Fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka



Sisi wa Kamati ya Fedha tukisimama hapa mnajua kinachofuata: mapato, matumizi na majina ya wanaodaiwa ada. Safari hii taarifa hiyo mtaisoma kwenye kurasa za nyuma za kijarida mlichonacho mkononi. Leo tumeomba dakika chache tuzungumzie tovuti ya chama. Ni mali yenu, inalipiwa kwa ada zenu, na wanaoifungua ni wachache mno.

Tovuti ile tuliianzisha kwa makusudi mawili. La kwanza, kila mchangiaji aone fedha yake imefika wapi: mabati mangapi, mifuko mingapi ya saruji. La pili, nyumba za kulala wageni na vijana wetu wanaoongoza watalii wapate wateja, nao wachangie bweni la wasichana kutokana na wanachopata. Tovuti isipojulikana, bweni litaendelea kutegemea mifuko ileile michache ya sisi tulio mjini, na hali ya mifuko hiyo mnaijua.

Tuanze na kosa letu, maana mhasibu anayeficha hasara hafai kushika daftari. Mwaka jana tulitaka tovuti ijulikane haraka. Tukachukua orodha ya anwani za barua pepe iliyokusanywa wakati wa msiba, ya watu waliotoa rambirambi, tukawatumia wote ombi la mchango. Tena tuliziacha anwani zote wazi, kila mtu akaona ya mwenzake. Waliochanga walikuwa wachache, waliokasirika wengi. Mama yetu mmoja alitujibu kwamba jina lake aliliandika kwa ajili ya marehemu, si kwa ajili yetu. Hatukuwa na la kusema. Tuliomba radhi, orodha ile tukaifuta, na leo tunaomba radhi tena mbele yenu.

Baadaye tuliisoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, na inampa haki ya kukataa zisitumike kumtangazia biashara. Kwa lugha yetu ya nyumbani: ukikabidhiwa mbuzi umchunge, humpeleki mnadani.

Basi tovuti ndogo itajulikanaje bila kuwasumbua watu? Njia ya kwanza ni kuiandikisha pale ambapo watu wanatafuta. Wazee mnakikumbuka kitabu cha simu; asiyekuwemo humo alikuwa kama hayupo. Siku hizi vitabu hivyo viko kwenye intaneti, na vilivyo muhimu kwetu havizidi vinne au vitano. Kujiandikisha kwenye ramani za Google ni bure. Utathibitisha tu kwamba mahali hapo ni pako. Ipo OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea mahali. Watalii wengi wanaotembea kwa miguu hupakua ramani zinazotokana nayo, ili waone njia hata simu isiposhika mtandao. Mgeni anayekwenda Irente au msitu wa Magamba ataiona nyumba yako humo ikiwa tu kuna mtu aliyeiingiza. Kwa nyumba za wageni ipo pia Tripadvisor.

Kazi yenyewe haihitaji utaalamu mkubwa, inahitaji uangalifu wa mhasibu. Jina, mahali na namba ya simu viwe vilevile kila mahali. Ukiandika Soni huku na Lushoto mjini kule, au ukiacha namba ya simu uliyokwisha kuitupa, mgeni atapiga mara moja, hatapokelewa, na atakwenda kwa mwingine. Mgeni aliyeridhika mwombe aandike maoni yake kwa hiari. Usimwambie shemeji yako ajifanye mgeni.

Mtajiwa na watu wanaoahidi kuiandikisha tovuti kwenye orodha 500 kwa malipo. Sisi walitujia, tukakataa. Zamani orodha kubwa zilikuwa na nguvu, lakini ile ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014 na DMOZ mwaka 2017. Nyingi za hizo 500 hakuna anayezisoma, na Google yenyewe inahesabu viungo vya orodha hafifu kuwa udanganyifu. Fedha hiyo inunue saruji.

Njia ya pili ni barua pepe, lakini kwa wenye ridhaa. Kuanzia leo tutamwandikia tu aliyejaza fomu kwa mkono wake akakubali. Tutatuma barua nne kwa mwaka. Kila barua itaanza na taarifa ya fedha mlizokwisha kutoa, ndipo ombi lifuate. Chini yake patakuwa na anwani ya chama na mahali pa kubonyeza ili kujitoa. Anayejitoa ataondolewa, wala hatapigiwa simu kuulizwa sababu. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003, kwa wanaotuma barua za biashara, inatoa siku 10 za kazi kumwondoa mtu. Sisi tumejiwekea siku mbili.

Kuna hesabu hapa pia. Google inawataka wanaotuma barua kwa watu wa Gmail wasifikishe malalamiko ya barua taka asilimia 0.3, yaani watu 3 katika kila 1,000. Kwa orodha yetu, tuseme ya watu 200, mmoja akilalamika ni asilimia 0.5. Tukiendelea hivyo, barua zetu zitaanza kutupwa kwenye taka, hata zile zenye risiti za michango yenu. Ndiyo maana majina 80 ya watu waliokubali yana thamani kuliko 800 ya kuokoteza.

Ndugu zetu, tunaomba mambo matatu. Mwenye nyumba ya wageni au kazi ya kuongoza watalii apite mezani kwetu kabla ya chakula; vijana wetu watamwandikisha bila malipo. Anayetaka barua zetu ajaze fomu iliyo katikati ya kijarida hiki. Asiyetaka, asijaze, na undugu uko palepale. La tatu mnalijua: bweni bado halijaezekwa, na masika hayasubiri. Bahasha ziko mezani, na risiti mtapewa hapohapo.