KUCHAGUA LENZI KONGWE KWA KAMERA YA SHULE

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa umoja wetu na wanafunzi wa Klabu ya Picha, siku ya pili ya mkutano wa mwaka.)



Nimepewa nusu saa nijibu swali moja. Mwenzetu mmoja aliyesoma hapa ameiachia shule kamera yake, Leica M8, lakini haina lenzi. Wanachama wamechanga fedha, na Kamati inauliza zinunuliwe lenzi zipi. Wako wanaosema tununue moja yenye jina kubwa ili shule ijivunie. Wako wanaosema kamera iliyotoka mwaka 2006 imekwisha pitwa na wakati, afadhali fedha ziende kwenye madawati. Pande zote mbili zina nia njema, na zote zastahili kujibiwa.

Nitangulize jibu langu. Tununue lenzi mbili za wastani zilizo nzima, badala ya moja ya fahari. Na zikishanunuliwa, zitumiwe na wanafunzi, zisifungiwe kabatini pamoja na vikombe vya michezo. Sasa nieleze sababu.

Ukoo wa kamera hii

Kampuni ya Ernst Leitz ya mji wa Wetzlar, Ujerumani, ilianza kuuza Leica mwaka 1925. Ilikuwa kamera ndogo iliyobuniwa na fundi wao, Oskar Barnack. Mwanzoni lenzi yake haikutoka. Mwaka 1930 ikaja lenzi ya kufungua kwa hesi, yenye kipenyo cha milimita 39, na mwaka 1932 ukaongezwa mtambo wa kupimia umbali. Mwaka 1954 kampuni ikatoa M3, ambayo lenzi yake hufungwa kwa kuizungusha kidogo tu, bila hesi.

Hapo wahandisi wale walifanya jambo la busara. Walipunguza umbali kati ya kitako cha lenzi na filamu kwa milimita 1 kamili, kutoka 28.8 hadi 27.8. Kwa hiyo pete nyembamba ya milimita 1 ilitosha kuziwezesha lenzi zote za hesi kuendelea kutumika kwenye kamera mpya. M8 nayo ilifuata kipimo hicho. Ndiyo sababu lenzi iliyotengenezwa mwaka 1935 inaweza kufungwa leo kwenye kamera yetu ya dijitali na ikapiga picha. Wale wanaosema kamera hii ni kuukuu wanasema kweli. Lakini fedha zetu zinanunua lenzi, na lenzi haizeeki kwa kalenda ya kamera. Siku M8 itakapokufa, lenzi hizi zitahamia kwenye kamera nyingine kwa pete kama hiyo.

Wanafunzi, jueni pia jinsi kamera hii inavyofanya kazi, maana uchaguzi wetu wote unatokana na jambo hili. Katika renjifainda, mpigapicha hatazami kupitia lenzi. Anatazama kwenye kidirisha kilicho pembeni. Katikati ya kidirisha hicho kuna kijimraba kinachoonyesha picha mbili za kitu kimoja. Ukizungusha lenzi, picha hizo husogeleana, na zikilaliana barabara, fokasi imepatikana. Kitako cha lenzi ndicho kinachosukuma kigurudumu kidogo ndani ya kamera, na kigurudumu hicho huendesha kijimraba. Basi lenzi iliyoota kuvu, au isiyopatana na kigurudumu, haitajifichua kwenye kidirisha. Jicho litaona safi, picha itatoka mbovu. Kwa hiyo lenzi lazima ikaguliwe kabla ya kulipiwa.

Mambo matatu ya M8

La kwanza ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga badala ya filamu. Filamu ya kawaida ina milimita 36 kwa 24. Kihisi cha M8 kina 27 kwa 18. Kamera inakata kingo za picha, kwa hiyo kila lenzi huonekana ndefu zaidi, mara 1.33. Lenzi ya milimita 50 huona kama ya 67, inayofaa kupiga uso wa mtu. Ya 35 huona kama ya 47, na hiyo ndiyo ya kazi za kila siku. Kukatwa huko kuna faida yake pia: lenzi nyingi kongwe ni hafifu pembeni na imara katikati, na M8 inachukua katikati.

La pili ni rangi. Kioo kinachofunika kihisi cha M8 ni chembamba, na hupitisha mwanga wa infraredi ambao jicho la mtu halioni. Nguo nyingi nyeusi za nyuzi za viwandani huurudisha mwanga huo. Matokeo yake, suti nyeusi ya mgeni rasmi, au baibui la mama siku ya mahafali, hutoka zambarau. Kasoro hiyo ilijulikana mara kamera ilipotoka, na kiwanda kikawapa wanunuzi vichujio vya kuvisha mbele ya lenzi. Nasi tutahitaji kichujio kwa kila lenzi, isipokuwa kwa picha tutakazozitoa nyeusi na nyeupe. Basi kabla ya kupenda lenzi, ulizeni mdomo wake una milimita ngapi, na kama kichujio cha ukubwa huo kinapatikana. Lenzi nyingi za Leica za miaka ya 1950 na 1960 huchukua cha 39.

La tatu ni lenzi za kuzama, zile ambazo shingo yake husukumwa ndani ya kamera ili ibebeke kirahisi. Elmar za zamani za milimita 50 ni za namna hiyo, na Summicron ya kwanza ya mwaka 1953 vilevile. Maelekezo ya M8 yanakataza kuizamisha shingo hiyo ndani ya kamera. Mtu mzima mwangalifu atakumbuka. Kamera itakayopita mikono 20 kwa muhula haifai kupewa lenzi yenye mtego kama huo.

Zipi basi?

Kwa milimita 35 napendekeza Summaron, ya f/2.8 ikiwezekana, la sivyo ya f/3.5. Ni lenzi ya kazi, ndogo na imara. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya M3, zenye macho mawili kama miwani mbele ya kidirisha, kwa kuwa M3 haikuwa na mstari wa milimita 35. Wengi huziona za ajabu na kuziacha, kwa hiyo mara nyingi bei yake ni nafuu. Kwenye M8 zinafanya kazi, ila hakikisheni miwani yenyewe haikupinda wala kupoteza kioo.

Kwa milimita 50 kuna njia tatu. Ya kwanza ni Summicron isiyozama, ya kuanzia mwaka 1956. Ni nzuri sana, na bei yake yajua hivyo. Ya pili ni Canon ya f/1.8 ya hesi, iliyotengenezwa Japani. Ni kali na imeundwa vizuri, lakini nyingi hupata utando kwenye vioo vilivyo karibu na tundu la mwanga, na utando huo ukikaa muda mrefu huweza kula kioo kabisa. Ya tatu ni Jupiter-8 ya Urusi, f/2, iliyo rahisi kuliko zote.

Hiyo Jupiter ina hadithi. Ni mtoto wa Sonnar, lenzi iliyobuniwa na Ludwig Bertele kwa ajili ya Zeiss miaka ya 1930. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, Wasovieti walichukua mitambo na ujuzi wa Zeiss, wakaendelea kuitengeneza kwao. Picha zake za nyuso ni za kupendeza. Tatizo ni kwamba kipimo cha kigurudumu cha Kisovieti hakilingani kabisa na cha Leica. Kwa mbali utaona sawa, kwa karibu fokasi hukosea kidogo. Ukipiga kwa f/5.6 kosa hujificha. Ukipiga kwa f/2 umbali wa mita 1, ambapo sehemu inayotoka safi ni sentimita chache tu, utalenga jicho upate sikio.

Kwa lenzi za hesi, kumbukeni kwamba pete nayo ina aina zake. Pete ndiyo inayoiambia kamera ionyeshe mstari gani kwenye kidirisha. Pete ya 35 ikivishwa lenzi ya 50, mwanafunzi atakata vichwa na miguu ya watu bila kujua kosa limetoka wapi.

Na lenzi za tundu kubwa mno, kama Noctilux ya f/1.2 ya mwaka 1966? Hizo bei yake huwekwa na wakusanyaji wa vitu adimu. Wanalipia uhaba. Sisi hapa jua halijatupungukia.

Namna ya kukagua

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji akisifu sana, toeni tochi. Fungueni tundu lote, mmulike lenzi kutoka nyuma mkiitazama kwa mbele. Kuvu huonekana kama utando wa buibui. Utando wa mafuta huonekana kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Mikwaruzo midogo miwili mitatu mbele haina neno. Utando hupunguza nguvu ya picha yote. Kuvu aliyekwisha kula kioo, msimnunue hata kwa bei ya bure.

Halafu pangeni madaftari matano mezani, kila moja nyuma kidogo ya lenzake, kama ngazi. Simameni mita 1, wekeni fokasi kwenye la katikati, mpige tundu likiwa wazi kabisa. Picha ikionyesha daftari la pili au la nne ndilo safi, lenzi na kamera hazipatani. Rudieni kwa mnara wa tangi la maji kule mbali. Jaribio hili halina gharama, nalo linashinda maneno yote ya muuzaji.

Mwanga wetu

Niongeze jambo linalotuhusu sisi hasa. Picha zetu ni za nyuso nyeusi, mashati meupe na jua la saa sita. Kipimo cha mwanga cha M8 husoma zaidi katikati. Shati jeupe likijaa hapo, kamera hupunguza mwanga na uso huzama gizani. Pimeni kwenye nyasi zilizo juani, ndipo mgeuke mpige. Afadhali zaidi, mwiteni mtu kwenye kivuli cha mwembe. Hapa lenzi kongwe ina fadhila yake. Nyingi za miaka ya 1950 hazikazi tofauti ya weusi na weupe kama lenzi za sasa, kwa hiyo uso hubaki na umbo lake hata shati likiwaka.

Wadogo zetu watauliza: simu haifanyi haya yote yenyewe? Inafanya. Lakini ikifanya yenyewe, ninyi hamjajifunza. Kwa kamera hii mtaamua umbali, mwanga na wakati, na picha ikiharibika mtajua kwa nini.

Kabati

Nasema sasa juu ya kabati. Adui wa lenzi katika nchi zetu, na hasa pwani, ni unyevu. Kuvu hupenda giza, joto na hewa isiyotembea, na kabati la kioo lililofungwa kwa kufuli lina vyote vitatu. Mfuko wa ngozi nao hunyonya unyevu. Wekeni lenzi kwenye sanduku la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, na vipakiti hivyo vibadilishwe kila vikilowa. Kisha zitoeni kila wiki zipate mwanga na hewa. Lenzi inayotumiwa huishi. Inayoheshimiwa kwa kufungiwa huoza mahali pake.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia na madawati. Asubuhi ya leo tumesimama kimya kuwakumbuka walimu wetu wawili. Picha pekee tuliyonayo ya mmoja wao ni ile ndogo ya kitambulisho. Walimu wa rika lake waliobaki wanahesabika kwa vidole, na wengine wako hapa ukumbini leo. Dawati lililokosekana mwaka huu linaweza kununuliwa mwaka ujao. Picha ya mzee ambayo haikupigwa mwaka huu huenda isipatikane tena.

Kwa hiyo napendekeza: Summaron moja ya 35, lenzi moja ya 50 iliyokaguliwa kwa tochi na madaftari, vichujio viwili, na sanduku la kuhifadhia. Fedha itakayosalia iwekwe kwa ajili ya fundi wa kuzisafisha. Na kazi ya kwanza ya Klabu ya Picha iwe kuwatembelea walimu wastaafu nyumbani kwao, mmoja baada ya mwingine, wawapige picha, na waandike majina na miaka waliyofundisha nyuma ya kila picha.