BIMA YA MOTOKAA: NAFUU YAWEZA KUWA GHALI



Sisi wa reli tunaokaa huku Kitengela, wengi tumenunua motokaa kuukuu kwa mkopo wa chama cha akiba. Basi tusemezane habari ya bima.

Sheria, Sura ya 405, yatulazimisha bima ya mtu wa tatu tu. Hiyo ni nafuu. Humlipa aliyeumizwa, au jamaa za aliyekufa, mwisho shilingi 3,000,000 kwa dai moja. Lakini motokaa yetu ikipondeka katika barabara ya Namanga, hatupati hata senti, na mkopo twaulipa vile vile. Hayo yalimpata mwenzetu mmoja.

Bima kubwa hutengeneza motokaa yetu pia. Lakini tusipunguze thamani ili tulipe kidogo. Motokaa ya shilingi 600,000 tukiiandikisha kwa 300,000, hasara ya 100,000 yaweza kulipwa 50,000 tu, tena hukatwa fungu la mwenye bima.

Shauri letu: motokaa yenye deni, bima kubwa kwa thamani ya kweli. Iliyokwisha kulipwa, ambayo ikipotea watoto hawatalala njaa, bima ndogo yatosha, na akiba iwekwe. Tusome karatasi kabla ya kutia sahihi.