Mpima Ardhi Anachungulia Nini?



Wiki hii mpima ardhi yuko mashambani kwetu, na wengi mmeniuliza: akiinama kwenye kile chombo cha miguu mitatu, anachungulia nini? Wengine wanasema anapiga picha. Hapana. Chombo kile kinaitwa theodolaiti, na kazi yake ni kupima pembe.

Juu kuna darubini. Chini yake kuna duara lililogawanywa sehemu 360, ziitwazo nyuzi. Kila nyuzi ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Dakika hizi si za saa, msichanganye! Mpimaji analenga jiwe moja la mpaka, anasoma namba. Anageukia jiwe la pili, anasoma tena. Akitoa, anapata pembe.

"Sisi wakulima, pembe za nini?" Basi sikilizeni. Ukikosea nyuzi 1 tu, mstari wa mita 1,000 utafika kando kwa mita 17 na nusu. Hiyo ni migomba mingapi? Hata dakika 1 ikipotea, umepoteza karibu futi moja. Baba yangu na jirani yake hawakusalimiana miaka mingi kwa ajili ya kipande chembamba tu: mpaka wao ulikuwa mti, na mti ukaanguka.

Ndiyo maana mpimaji huhangaika kabla ya kupima. Kwanza timazi, kama ile ya fundi mwashi, ining'inie sawasawa juu ya alama ya ardhini. Kisha pima maji, povu likae katikati. Mtoto akigusa mguu mmoja, kazi inaanza upya. Kule India mwaka 1808, mpimaji William Lambton alipandisha theodolaiti yake, yenye uzito wa karibu nusu tani, juu ya hekalu la Tanjore. Kamba ikakatika, chombo kikagonga ukuta, duara likapinda. Alikaa majuma 6 akilinyoosha.

Siku hizi wapimaji wengi wana mashine za umeme au za setilaiti. Wetu ana ile ya zamani, nayo ni nzuri mno, mradi aisome mara mbili. Mara ya pili huipindua darubini juu chini, akalenga jiwe lile lile. Kama kwanza alisoma nyuzi 40, sasa asome karibu kabisa na 220, yaani tofauti ya 180. Sekunde chache si neno. Zikiwa dakika kadhaa, arudie.

Hesabu hiyo tuliifanya darasani. Mwombeni kwa heshima awaonyeshe namba zake, mziandike. Kesho saa 2 asubuhi anaanzia kisimani. Njooni na daftari.